Kurekodi ogani ya Merseburg: sauti ya upepo, mbao na jengo zima

Tarehe 17 Juni 1857, kijana wa miaka 23 aliketi mbele ya ogani ya kanisa kuu la Merseburg, mashariki mwa Ujerumani, akapiga sonata, yaani utunzi mrefu wa ala, aliyoitunga mwenyewe juu ya Zaburi ya 94. Aliitwa Julius Reubke. Baba yake alikuwa fundi wa kuunda ogani, mwalimu wake alikuwa Franz Liszt, mtunzi na mpigaji piano mashuhuri. Haukupita mwaka kijana akafariki, tarehe 3 Juni 1858. Sonata ile imebaki, na imekwisha kurekodiwa mara nyingi, kwenye ogani za nchi mbalimbali. Ogani aliyoipigia siku ile nayo ipo mpaka leo, pale pale, ikiwa imekarabatiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili irudie sauti ya muundaji wake.

Kwa hiyo mtu anaweza kwenda Merseburg, akatega maikrofoni, akarekodi sonata ya Reubke kwenye chombo kile kile. Kwa maneno inaonekana rahisi. Lakini ukiisikiliza rekodi hiyo, sauti inayokufikia imepita kwenye mikono minne: ya mtunzi, ya muundaji wa ogani, ya mafundi walioikarabati, na ya fundi sauti. Ni vigumu kusema mkono mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi, na ndiyo maana nimeona suala hili linastahili kufumuliwa uzi mmoja mmoja.

Tuanze na chombo. Wengi wetu tukisikia "kinanda cha kanisani" tunafikiria kile cha umeme chenye spika, au harmonia ya zamani ya kukanyaga kwa miguu. Ogani ni ya ukoo huo huo, ila tofauti yao ni kama ya mtumbwi na jahazi. Haina spika. Kila sauti inatoka kwenye bomba lake, na ogani ya Merseburg ina mabomba 5,687. Yamepangwa kwa safu zinazoitwa rejista, nazo ni 81, kila moja na rangi yake ya sauti. Mpigaji ana ngazi nne za vibonyezo vya mikono, na vibao vya miguu chini yake. Ubavuni kwake kuna vishikizo: akivuta kimoja, rejista moja inafunguliwa njia ya upepo, akikirudisha, inanyamaza.

Mabomba ni ya jamaa mbili. Jamaa ya kwanza ni filimbi: upepo unatoka kwenye mwanya mwembamba, unagonga ukingo wa mdomo wa bomba, na hewa iliyomo ndani inaanza kutetemeka. Jamaa ya pili ina undugu na zumari: ndani ya bomba mna ulimi mwembamba wa chuma unaopigapiga upepo ukipita. Tofauti hii tuishike, kwa sababu ndiyo itakayowanyima usingizi watu wa kurekodi. Upepo wenyewe hutunzwa kwenye mivukuto, ya namna moja na ya mhunzi lakini mikubwa kama vitanda na zaidi. Zamani ilikanyagwa na watu. Siku hizi feni ya umeme ndiyo inayoijaza.

Muundaji wa ogani hii ni Friedrich Ladegast, fundi wa Weissenfels, mji ulio jirani. Aliikamilisha mwaka 1855, akaiweka nyuma ya uso wa mbao wa mtindo wa Kibaroko uliokuwa umesimama pale kwa takriban karne moja na nusu. Ilizinduliwa tarehe 26 Septemba mwaka huo. Liszt alikuwa akiishi Weimar wakati ule, na mwanafunzi wake Alexander Winterberger ndiye aliyepiga fantasia kubwa ya mwalimu wake juu ya wimbo wa "Ad nos, ad salutarem undam", kazi ya karibu nusu saa. Liszt alikuwa amekusudia pia kutoa utunzi mpya juu ya herufi B-A-C-H, ambazo kwa Kijerumani ni majina ya noti, lakini haukukamilika kwa wakati. Ulipigwa mwaka uliofuata, kwenye ogani hiyo hiyo. Ongeza na sonata ya Reubke. Ndani ya miaka miwili hivi, kazi tatu ambazo mpaka leo ni nguzo za muziki wa ogani wa Kiromantiki zikawa zimesikika kutoka chombo kimoja katika mji mdogo kando ya mto Saale.

Neno Kiromantiki lisitupoteze: hatuzungumzii nyimbo za mapenzi. Ni jina la enzi ya sanaa ya Ulaya, hasa karne ya 19, ambapo watunzi walitaka muziki ubebe hisia zinazobadilika kila dakika, hofu ikigeuka ghadhabu, ghadhabu ikigeuka sala. Kwa piano au okestra hilo linawezekana kwa urahisi, kwa sababu mpigaji anaongeza nguvu kidogo kidogo. Ogani haina njia hiyo. Bonyeza kibonyezo polepole au kwa hasira, bomba litatoa sauti ile ile. Ogani za enzi ya Bach, mtunzi mkuu wa karne ya 18, zilibadilisha nguvu kwa mruko, kutoka kundi moja la mabomba hadi jingine, kama mtu anayepanda ngazi. Liszt na Reubke walitaka sauti ijae kama maji ya bahari yanavyojaa, usijue ni wimbi lipi lililofika magotini.

Mafundi wakatafuta njia. Waliongeza rejista nyingi za filimbi zenye kimo kimoja cha sauti lakini rangi tofauti, nyingine laini mno, nyingine zenye mkwaruzo wa fidla, ili zikiongezwa moja baada ya nyingine sikio lisione mshono. Waliyafungia mabomba mengine ndani ya chumba cha mbao chenye luva kama za madirisha yetu ya pwani, na mpigaji akazifungua na kuzifunga kwa mguu. Ufaransa, Aristide Cavaillé-Coll aliingiza kwenye ogani ya Saint-Denis, mwaka 1841, wenzo wa upepo uliobuniwa na Mwingereza Charles Spackman Barker. Wenzo huo ulisaidia vidole kufungua vali nyingi kwa pamoja. Bila msaada wa namna hiyo, kuunganisha ngazi mbili tatu za vibonyezo kulihitaji misuli ya mbeba mizigo.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mchanganyiko huo wa rangi haukamiliki ndani ya ogani. Unakamilika hewani, chini ya dari, sauti zinapogonga mawe na kurudi. Ukisimama mita mbili kutoka kwenye mabomba unasikia vipande vipande: hili la kushoto linapiga kelele, lile la nyuma limefunikwa. Ukisimama katikati ya kanisa unasikia kitu kimoja. Ladegast aliirekebisha ogani yake kwa ajili ya masikio yaliyo chini kanisani, na mpigaji mwenyewe, aliyekaa juu chini ya mabomba, ndiye anayesikia vibaya kuliko wote. Katika kurekodi, lazima awepo mtu mwingine chini anayemwambia kama sauti ya miguu imemeza ya mikono.

Sasa tufike kwenye ukarabati, ambako ndiko ninakoona watu wengi wanapitwa. Tunaposoma kwenye jalada kwamba muziki umerekodiwa kwenye "ogani ya kihistoria iliyokarabatiwa", tunachukulia kwamba chombo kililala miaka 150, kikapanguswa vumbi, kikaamka. Karne ya 20 haikuziacha ogani za Ujerumani zilale. Mwaka 1917, vita vikiwa vimepamba moto, serikali iliamuru mabomba ya bati ya sehemu ya mbele yakabidhiwe kwa ajili ya vita. Makanisa mengi yakayapoteza na baadaye yakaweka ya chuma duni. Kuanzia miaka ya 1920 likaja vuguvugu lililoziona ogani za Kiromantiki kuwa nzito na zenye matope, likataka sauti kali na safi ya enzi za kabla ya Bach. Rejista laini ziling'olewa, nyingine zikakatwa zipande juu, na za aina mpya zikaingizwa mahali pake. Waliofanya hivyo hawakuwa wahuni. Walikuwa mafundi na wanamuziki wenye elimu, walioamini wanakiokoa chombo.

Kwa hiyo fundi wa leo anapopanda na tochi ndani ya ogani, swali lake la kwanza ni: niirudishe mwaka gani? Bomba lililokatwa haliwezi kurefuka. Ataliongezea kipande cha chuma, au ataunda jipya kwa kuiga ndugu zake waliosalia. Mdomo wa bomba uliopandishwa zaidi ya kipimo cha awali hautashuka wenyewe. Madini ya risasi yaliyomo kwenye mabomba yanaweza kuliwa na mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao, hasa mwaloni, na bomba likaoza kutoka kwenye mguu wake. Ngozi za mivukuto hukauka, zikapasuka na kuvujisha upepo. Kila kimoja cha vitu hivi kina jibu la kifundi. Kisicho na jibu la kifundi ni ladha.

Ladha hiyo inaonekana wazi katika kazi ya mwisho na ngumu kuliko zote, ambayo mafundi wanaielezea kuwa ni kulifanya bomba liseme. Fundi hulichukua bomba moja moja, akapanua au kubana tundu la mguuni ambako upepo unaingilia, akasogeza kidogo sana bamba lililo nyuma ya mdomo, akasikiliza: je, linaanza sauti kwa mkohozo, kwa mluzi, au kwa ulaini? Linaelewana na jirani yake? Fikiria kufanya hivyo mara maelfu, kwa kumfuata mtu aliyekufa mwaka 1905 bila kuacha hata sekunde moja ya sauti iliyorekodiwa ya ogani yake ilivyokuwa mwaka 1855. Fundi anaongozwa na alama za vifaa kwenye chuma, na vipimo vya mabomba ambayo hayakuguswa, na shinikizo la upepo. Hilo la mwisho hupimwa kwa njia ya zamani na nzuri: mrija wenye maji, unaangalia upepo umeyasukuma kwa milimita ngapi. Ukikosea shinikizo umekosea kila kitu, kwa sababu kila bomba lilifundishwa kusema kwa pumzi hiyo na si nyingine.

Mimi siamini kwamba ukarabati wa aina hii unarudisha sauti ya 1855. Unaturudisha karibu nayo, kupitia masikio ya watu wa leo waliofanya kazi kwa uaminifu mkubwa. Hilo ni jambo la kushukuru, na msikilizaji anayelijua anasikia zaidi.

Baada ya mafundi wa mabomba anakuja fundi sauti, na tatizo lake la kwanza ni mahali pa kuweka maikrofoni. Katika kanisa la mawe, sauti inayotoka kwenye ogani moja kwa moja inadhoofika kadiri unavyosogea mbali, wakati mwangwi una nguvu karibu sawa kila pembe. Kuna umbali, mara nyingi mita chache tu, ambapo viwili hivyo vinalingana. Ukiweka maikrofoni karibu zaidi, unapata usafi: kila noti ya fugi ya Reubke, ile sehemu ya mwisho ya sonata ambamo wimbo mmoja unaingia kwa zamu katika sauti kadhaa, inasomeka kama maandishi, lakini ule mchanganyiko ambao Ladegast alikusudia ukamilikie hewani unafumuka. Ukiweka mbali, unapata bahari nzuri ya sauti ambayo noti za haraka zinazama ndani yake. Jozi ya maikrofoni zinazopokea kutoka pande zote, zimepandishwa juu ya nguzo za mita kadhaa ili zilingane na roshani ya ogani, ndiyo njia ya wengi. Wengine huongeza jozi ya pili nyuma kwa ajili ya chumba. Lakini sauti husafiri mita 34 hivi kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Jozi ya nyuma ikichelewa kiasi hicho na ikachanganywa ovyo, mapigo yanasikika kama vidole vya mpigaji vimelegea.

Naungana na wanaokubali kupoteza usafi kidogo ili wapate jengo. Muziki huu ulitungwa ndani ya mwangwi. Reubke, mtoto wa muunda ogani, alijua sauti inaishi muda gani baada ya kidole kuinuka, na mapumziko aliyoyaandika yameachwa wazi ili dari iyajaze.

Kisha kuna joto, na hapa ndipo zile jamaa mbili za mabomba zinapogombana. Kasi ya sauti hewani hupanda hewa ikipata joto. Bomba la filimbi linategemea hewa iliyomo ndani yake, kwa hiyo sauti yake nayo hupanda: kwa noti A ya mitetemo 440 kwa sekunde, kila nyuzi moja ya joto inaongeza karibu mitetemo 0.8. Mabomba ya ulimi hayafuati hivyo, kwa kuwa ulimi wa chuma ndio unaotawala mtetemo wao. Joto likipanda nyuzi 6, filimbi zote zimepanda pamoja kwa karibu mitetemo 5, na wenzao wa ukoo wa zumari wamebaki nyuma. Ukivipiga pamoja kwa nguvu, kanisa linasikika limelewa. Hakuna anayeweza kurekebisha maelfu ya filimbi kabla ya chai. Fundi hufanya kinyume: huzifuata filimbi zilipo, akagongagonga waya mdogo unaobana kila ulimi, mpaka hizo chache zielewane na umati. Halafu watu wanaombwa wasiwashe hita, wasiache milango wazi, na taa kali zizimwe. Kazi hufanyika usiku, magari yakiwa yamepungua, kengele zikiwa zimenyamaza na watalii wamekwenda.

Kuna pia rejista iliyokusudiwa isielewane. Inaitwa Unda maris, Kilatini cha "wimbi la bahari". Mabomba yake yamewekwa pembeni kidogo ya sauti sahihi ili yakipigwa pamoja na rejista nyingine laini, sauti itikisike kama mwanga wa mwezi juu ya maji. Joto likiivuruga hiyo, bahari inachafuka.

Kitu ambacho wasikilizaji hawakioni kabisa ni mishono. Rekodi ya kazi ya dakika 25 kama ya Reubke mara nyingi huunganishwa kutoka vipande vilivyopigwa kwa usiku kadhaa. Katika studio kavu unaweza kuanzia noti yoyote. Kanisani huwezi, kwa sababu noti inayoanza sasa inatakiwa iwe imevikwa mkia wa zile zilizopita. Ukianzia katikati, mkia haupo, na sikio linashtuka hata kama mwenye nalo hajui kwa nini. Kwa hiyo mpigaji huanza miraba (vipande vya mapigo) kadhaa nyuma, akapita kwenye mshono kwa mwendo ule ule wa jana, huku wasaidizi wawili waliosimama kulia na kushoto kwake wakivuta vishikizo kwa mpangilio ule ule. Wasaidizi husimama kwa soksi tu, bila viatu. Hata ukimya una kazi: fundi sauti hurekodi dakika kadhaa za kanisa tupu feni ikizunguka, kwa sababu pengo kati ya sehemu mbili likijazwa kimya cha kompyuta, kanisa linatoweka ghafla.

Vipi kuhusu kelele za chombo chenyewe? Vijiti vya mbao vinavyounganisha kibonyezo na vali hugonga. Mivukuto hupumua. Kodi nzito (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ikishuka, upepo unayumba kidogo kabla ya kutulia. Programu za leo zinaweza kufuta mengi ya hayo, na wapo wanaofuta. Nadhani ni kosa, hasa kwa huo mtikisiko wa upepo. Mafundi wametumia miaka kuurudisha mfumo ule wa mivukuto ili ogani ipumue kama kiumbe. Kuunyoosha kwa kompyuta ni kuibomoa kazi yao usiku mmoja.

Tatizo la mwisho liko mikononi mwetu sisi wasikilizaji. Bomba refu kabisa la ogani kubwa za namna hii linakaribia mita 10, na sauti yake ni mitetemo 16 hivi kwa sekunde, chini ya kile sikio hukiita sauti; unaihisi kifuani na kwenye benchi. Spika ya simu haiwezi kuitoa hata kwa bahati. Tena sala ya katikati ya sonata, mahali Reubke alipoandika mistari ya zaburi kuhusu nafsi ambayo ingekaa kimya kama Bwana asingeisaidia, ni laini kiasi kwamba fundi sauti anashawishika kuinyanyua, ili anayesikiliza ndani ya daladala aipate. Akiinyanyua, maji hayana tena pa kujaa, kwa kuwa tayari yamejaa.

Ukipata rekodi ya Merseburg, tafuta chumba kimya na headphone zinazoziba masikio, ongeza sauti mpaka ile sala isikike kwa shida kidogo, kisha usiiguse tena. Fugi itakapokuja itakufikia ilivyo. Baada ya kodi ya mwisho ya C ndogo (C minor), vidole vikiwa vimeinuka, usizime. Sauti inaondoka kwa tabaka, kali kwanza, nzito mwisho, na chini yake kabisa, kama fundi sauti ameiacha, kuna feni inayoendelea kuijaza mivukuto.